Wino wa Kura Moja

Kuna vijana wenzangu wanaosema kura ni usanii mtupu: unapanga foleni juani, unapakwa wino kidoleni, halafu wakubwa wanafanya yao. Mimi sibishani nao sana. Wakishamaliza, huwasimulia habari za Kyal Sin.

Alikuwa binti wa Mandalay, nchini Myanmar. Alipenda kucheza dansi, alijifunza taekwondo, na kwa wazazi wake alikuwa mtoto wa pekee. Novemba 2020 alipiga kura kwa mara ya kwanza maishani, akapiga picha anakibusu kidole chenye wino. Furaha tu! Chama cha Aung San Suu Kyi kikashinda. Tarehe 1 Februari 2021, siku ambayo bunge jipya lilikuwa likutane, jeshi likatwaa nchi, ati kura zilichakachuliwa.

Basi, ule wino ukageuka deni. Kyal Sin akaingia barabarani pamoja na maelfu ya wenzake. Hatari aliijua. Aliandika kundi lake la damu, akaongeza kwamba akifa, viungo vyake wapewe wanaovihitaji. Tarehe 3 Machi alitoka amevaa fulana nyeusi yenye maneno ya Kiingereza yasemayo kila kitu kitakuwa sawa. Mabomu ya machozi yalipoanza kurushwa, alilipiga teke bomba la maji likafunguka, wenzake wapate kunawa macho. Polisi walipofyatua risasi, aliwahimiza wenzake wakae chini. Yeye ikampata kichwani. Alikuwa na miaka 19.

Kesho yake maelfu wakamzika. Tarehe 5, wenye mamlaka wakaufukua mwili, wakadai risasi haikuwa ya polisi, kisha kaburi wakalimwagia saruji. Jamani! Jeshi zima, na vifaru vyake na ndege zake, linahangaika na binti aliyekwisha kufa?

Jina lake la utani lilikuwa Angel, yaani malaika, na sisi waandika mashairi malaika tunawapenda mno. Lakini malaika hawapigi kura. Tumwache kama alivyokuwa: raia aliyekuwa na kura moja tu, ikaporwa, akaifuata mpaka barabarani.

Nawe unayesema kura haina maana, nijibu hili: kama haina maana, mbona waliifuata na bunduki?