Kofi mbele ya mgeni

Kuna sentensi naweza kuiandika nimefumba macho: "Chanzo cha mauaji hayo kinadaiwa kuwa ni wivu wa mapenzi." Polisi anaisema, mimi naiandika, mhariri haigusi. Mwezi uliopita niliiandika tena, nikarudi nyumbani, nikaifungua Othello ya Shakespeare, ambayo chuoni niliisoma kwa ajili ya mtihani tu.

Wakati ule tulimjadili Iago: fitina zake, ile leso, uongo wake. Safari hii nilikwama kwenye kofi. Lodovico, ndugu yake Desdemona, amefika Cyprus na barua kutoka Venice. Othello anamzaba mkewe kofi mbele yake. Lodovico anashtuka, anasema Venice hawatamwamini hata akiapa, anamtaka Othello amtulize mkewe. Halafu? Halafu anakula chakula cha usiku nyumba hiyohiyo, anamuaga Desdemona kwa heshima zote, anaondoka. Usiku huohuo Desdemona anauawa kitandani kwake.

Sina haki ya kumcheka Lodovico. Niliwahi kupanga chumba, ukuta mmoja na mke na mume. Usiku nilisikia kila kitu. Asubuhi nilimkuta yule dada bombani, kajitanda khanga mpaka shavuni. Nikamwambia, "Za asubuhi, dada?" Akasema nzuri, na kabla sijauliza akaongeza kuwa alijigonga mlangoni. Nikajaza ndoo yangu. Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake. Naijua vizuri, nimeshaiandikia makala. Desdemona naye, Emilia anapomuuliza nani kamfanyia vile, anajibu kwamba hakuna, ni yeye mwenyewe.

Emilia peke yake ndiye anayekataa kunyamaza. Mumewe, Iago, anamchoma kisu mbele za watu.

Lakini kilichoninyima usingizi ni mwisho. Kabla ya kujiua, Othello anawaomba walio pale wamwandike kama alivyo kwenye barua zao: mtu aliyependa kupita kiasi, bila busara. Na atakayepeleka taarifa Venice ni nani? Lodovico. Yaani muuaji anachagua mwenyewe kichwa cha habari, na mwandishi ni yuleyule aliyeliona kofi akaenda kula.

Wivu wa mapenzi. Neno "mapenzi" linatafuta nini kwenye habari ya maiti?

Asubuhi nilipiga simu kule kijijini. Sikuuliza chanzo. Nilimuuliza shangazi wa marehemu ni nani alikuwa akijua kwamba anapigwa. Alikaa kimya mpaka nikadhani simu imekatika.

"Tulijua wote, mwanangu," akasema.

Hiyo ndiyo sentensi niliyompelekea mhariri.