Kaa Mpaka Mwisho

Mwanangu Salim,

Salamu zako zimefika. Baba yako goti linamsumbua lakini mdomo mzima, na Zuhura kajifungua salama, mtoto wa kike. Pesa tumezipata, Mungu akuzidishie.

Lakini sikushika kalamu kwa ajili ya hayo. Dada yako kaniambia kwamba mwenyeji wako huko Paris alikukatia tikiti ya Théâtre de la Huchette, nawe ukanyanyuka mchezo haujafika hata nusu, ukawakanyaga watu miguu ukitafuta mlango. Kisha ukamwambia mzee wa watu kwamba hayo ni maigizo ya wendawazimu na hutatia mguu tena katika ukumbi wowote. Salim! Ukumbi wenyewe hauna hata viti mia. Nani hakukuona?

Najua kilichokukera. Saa ya ukutani inagonga mara 17, Bi. Smith anasema eti ni saa tatu. Ukoo mzima, wake kwa waume, unaitwa Bobby Watson. Na huyo mwimbaji mwenye upara aliyetajwa kwenye jina la mchezo hatokei. Eugène Ionesco aliyapata hayo alipokuwa akijifunza Kiingereza kwa kitabu cha mazungumzo, ambamo watu wazima wanaarifiana kwamba wiki ina siku saba na dari iko juu. Mchezo ulipoonyeshwa mara ya kwanza, mwaka 1950, wengi walikasirika kama wewe. Lakini hapo Huchette unachezwa tangu 1957, na waliotangulia kukaa kwenye kiti chako hawakuwa wajinga wote.

Mimi niliuona nikiwa masomoni Nairobi. Wale akina Martin, mume na mke, wanaulizana kama wageni: umetoka Manchester? Hata mimi! Hadi wanagundua kuwa wanalala kitanda kimoja. Nilicheka mpaka machozi. Likizo ile nikaenda Lamu arusini, nikawakuta ami zangu wawili barazani, ndugu wa tumbo moja. "Habari za nyumbani?" "Njema." "Watoto?" "Wazima." "Shughuli?" "Alhamdulillahi." Nyumba ya ami mkubwa ilikuwa imepigwa mnada wiki ile ile, na aliyeinunua, kwa mgongo wa dalali, ni huyo huyo mdogo wake. Wakasifu halua, wakalaumu joto. Mkubwa akapokea kikombe cha kahawa, mkono ukamtetemeka hata kahawa ikamwagika kwenye kanzu, ndipo nilipojua kwamba anajua. Akajifuta, akageuka: "Enhe, na habari za nyumbani?" "Njema." Tangu siku hiyo sijathubutu kuuita mchezo ule upuuzi, ingawa wasomi wetu wenyewe michezo ya namna ile wanaiita tamthilia za kibwege.

Baba yako atakucheka akisoma haya. Ndiye aliyesema kunisomesha maigizo ni kutupa ada baharini. Na mwalimu mkuu mmoja alinikatalia kuigiza *Amezidi* ya Said Ahmed Mohamed, eti haina kisa. Alipohamishwa tuliigiza, na wapishi wa shule walicheka pale palipostahili kabla ya wakaguzi kujua wacheke wapi. Hilo nalisema kwa maringo, na nina haki.

Kinachoniudhi zaidi si mchezo, ni huko kuondoka. Umekwenda ugenini kujifunza, kisha jambo la kwanza usilolielewa unalifungia mlango, tena mbele ya aliyekulipia. Usielewe, sawa, lakini usielewe ukiwa umekaa.

Koti vaa hata jua likiwaka. Usikope kwa wenzako. Ijumaa unaijua.

Sasa kamwombe radhi mzee, ukate tikiti mbili kwa pesa yako, ukae kiti cha katikati kusudi usipate njia ya kutokea. Halafu niandikie ni nani wanaosema maneno ya akina Smith taa zinapokaribia kuzimwa. Dada yako hajauona, kwa hiyo hutapata wa kukunong'oneza.

Shangazi yako,
Mombasa