Jaha ya Fundi, Ujerumani na Kwetu

Katika miji ya Ujerumani, mtu akiingia dukani kwa mwokaji mikate ambaye bado anaoka mwenyewe, aghalabu ataona ukutani, juu ya makapu ya mikate, karatasi iliyotiwa fremu kwa taadhima ileile ambayo kwetu hupewa cheti cha chuo kikuu. Nayo ni Meisterbrief, shahada ya ufundi mkuu, itolewayo na Handwerkskammer, yaani baraza la mafundi wa eneo lile. Mwenye shahada hiyo haonekani mtu aliyekosa kwenda mbele. Yeye amefaulu, na majirani zake wanajua hivyo.

Njia ya kuifikia si nyepesi. Kijana huingia uanagenzini kwa muda wa miaka mitatu hivi, akigawa juma lake baina ya karakana ya bwana wake na darasa la shule ya ufundi, huku akilipwa posho. Akishinda mtihani huwa fundi kamili, na akitaka kuwa fundi mkuu hana budi kutahiniwa tena, si katika unga na tanuri tu, bali katika hesabu za biashara, sheria, na namna ya kumfunza mwanagenzi. Shahada hiyo imepangwa katika daraja moja na shahada ya kwanza ya chuo kikuu. Mwaka 2004 serikali ya Ujerumani iliondoa sharti la kuwa nayo, kwa atakaye kufungua karakana yake, katika kazi 53. Walakini mwaka 2020 ililirejesha katika kazi 12, wabandika vigae wakiwamo.

Kwetu fundi hodari tunaye, wala umahiri wake haupungui kwa kukosa fremu. Niliwahi kuketi kwenye karakana ya seremala mmoja Tanga, nikimtazama akipiga randa ubao wa mninga na kuupima kwa jicho kabla hajaushika utepe, mara akaingia mama mmoja na mwanawe aliyeinamisha kichwa, akasema, "Shikamoo fundi. Huyu shule imemshinda, nimekuletea wewe." Fundi akaitikia marahaba, akamtazama yule kijana, kisha akasema, "Hata hapa kuna hesabu, mama." Yule mama hakukusudia kumtusi, ila alisema lile ambalo jamii nzima inaliamini, kwamba karakana ni mahali pa kuwekea waliobaki.

Na waliobaki ni wengi. Katika matokeo ya kidato cha nne nchini Tanzania ya mwaka 2012, yaliyotangazwa Februari 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata daraja sifuri, hata serikali ikaunda tume kuyachunguza. Maadamu mizani ya kufaulu ni moja, na imetengenezwa kwa ajili ya wachache wanaokwenda chuo kikuu, hakuna jitihada ya mtoto mmoja mmoja itakayowafanya wote wafanikiwe. Mtihani wenyewe umekusudiwa kuchuja.

Lakini asinifikirie msomaji kwamba nimelewa sifa za ugenini. Wajerumani nao wana chujio lao, tena huliweka mapema kuliko sisi: katika majimbo mengi mtoto akimaliza darasa la nne, akiwa na umri wa miaka kumi hivi, huelekezwa ama Gymnasium, inayoelekea chuo kikuu, ama shule nyingine zisizoelekea huko moja kwa moja. Watoto wa wafanyakazi waliotoka Uturuki baada ya mkataba wa kuajiri wafanyakazi wa mwaka 1961 walijikuta kwa wingi katika shule za chini kabisa, na asili ya mzazi ingali inasema mengi juu ya hatima ya mtoto. Heshima ya fundi mkuu haikuiondoa dhuluma hiyo; imeifanya tu ivumilike.

Tanzania ina VETA, yaani mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, na miongoni mwa kazi zake ni kumpima fundi aliyejifunzia mtaani na kumpa cheti kwa ujuzi alio nao tayari. Naliona hilo kuwa jambo la busara kupita hotuba nyingi za mafanikio, kwani linamfuata mtu mahali alipo. Seremala wangu wa Tanga amekipata cheti hicho. Nilipomwuliza kama kimemletea jaha, akacheka, akasema mpaka sasa hakuna mteja aliyewahi kukiulizia; wao huuliza bei, kisha huuliza kama hawezi kupunguza.