Jifunze Kuchomelea Kabla ya Kununua Mashine

Mimi ni bwana shamba. Nina cheti cha kilimo, na nimefanya kazi miaka mingi katika vijiji vilivyo kati ya Makambako na Njombe. Kazi yangu ni habari za mbegu, mbolea, mahindi na viazi. Pengine utauliza: Bwana shamba ana habari gani na kuchomelea chuma? Swali lako ni zuri. Nitalijibu.

Kwetu mvua za kupanda huanza mwezi wa Novemba. Wakati huo plau za ng'ombe hufanya kazi kila siku, na wakati huo ndipo huvunjika. Mshikio hukatika. Ekseli ya mkokoteni hupasuka. Mwenye plau huifunga juu ya baiskeli au pikipiki, akaenda nayo mjini. Huko hukuta foleni ya wenzake. Siku ya kwanza inapita, ya pili inapita. Nyumbani ng'ombe wamesimama na magugu yanaota.

Mimi huwaambia wakulima wapande mapema. Lakini shauri langu lina faida gani ikiwa plau imelala mjini? Kwa sababu hiyo nilianza kujifunza kuchomelea. Siku za Jumamosi nilikwenda kwa fundi mmoja wa Makambako. Siku nyingine nilifanya mazoezi nyumbani. Sasa nataka kukueleza niliyojifunza.

Kazi hii si ngeni kwetu. Zamani wahunzi wa Nyanda za Juu Kusini walifua majembe kwa makaa na mivukuto. Wazee wetu walisema: mwana wa mhunzi asiposana, huvukuta. Maana yake, aliyezaliwa karibu na kazi lazima ashike sehemu yake. Leo mvukuto wetu ni umeme. Wakala wa Nishati Vijijini, yaani REA, umefikisha nyaya katika vijiji vingi. Njia kubwa ya umeme kutoka Makambako hadi Songea nayo imejengwa. Umeme huo usiwe wa taa na redio tu. Uwe wa kazi pia.

Kuchomelea ni nini?

Kuchomelea ni kuunganisha vyuma viwili kwa kuviyeyusha. Mashine ina nyaya mbili nene. Waya mmoja una koleo la kubana chuma unachotengeneza. Waya wa pili una koleo la kushika kijiti cha kuchomelea. Kijiti ni waya wa chuma uliopakwa unga mgumu. Kijiti kikigusa chuma na kuinuliwa kidogo, moto mkali huruka katikati yao. Chuma huyeyuka, na kijiti nacho huyeyuka. Vikipoa vinakuwa kitu kimoja.

Ule unga wa kijiti una kazi yake. Ukiungua hutoa moshi unaokinga chuma kilichoyeyuka kisiharibiwe na hewa. Kisha hubaki juu kama gamba. Gamba hilo hubanduliwa kwa nyundo ndogo, halafu pakasuguliwa kwa brashi ya waya.

Anza na macho yako

Watu wengi hununua mashine kwanza, kisha hukosa fedha za kofia ya uso. Wewe anza na kofia. Mwanga wa kuchomelea una miale mikali isiyoonekana. Miale hiyo huunguza jicho kama jua linavyounguza ngozi, ila kwa haraka zaidi.

Katika kijiji kimoja nilimkuta kijana aliyechomelea geti kwa miwani ya jua. Mchana hakusikia kitu. Usiku alilia kama mtoto. Alisema macho yamejaa mchanga. Ndivyo ugonjwa huo ulivyo: maumivu huja saa kadhaa baada ya kazi. Mama yake alitaka kumtia maziwa machoni. Nikamwambia, "Mama, usimtie kitu. Tumpeleke zahanati." Alipona baada ya siku mbili. Lakini jicho linalounguzwa mara kwa mara huweza kuharibika kabisa.

Miwani ya jua haitoshi. Karatasi ya picha ya eksirei haitoshi. Nunua kofia ya uso yenye kioo cha namba 10 au 11. Namba huandikwa kwenye kioo chenyewe. Watoto wasisimame kutazama, maana mwanga huwaunguza hata wao. Zuia mwanga kwa bati au turubai.

Vaa glovu za ngozi na viatu vya ngozi. Suruali ifunike viatu. Kwetu Njombe kuna baridi, na wengi tunavaa makoti ya nailoni. Usichomelee na koti la nailoni. Cheche ikiliangukia, koti huyeyuka na kushika ngozi. Vaa nguo nzito ya pamba.

Jifunze mkono kwanza

Omba nafasi kwa fundi anayejulikana. Mkubaliane ada. Ukiweza, jiunge na mafunzo ya VETA au Chuo cha Maendeleo ya Wananchi. Vyuo hivyo vya wananchi vilianza mwaka 1975 kwa ajili ya watu kama wewe na mimi.

Usianze na plau ya mtu. Anza na vipande vya chuma chakavu, vyenye unene wa milimita 4 au 5. Fuata hatua hizi:

Kwanza, safisha chuma. Ondoa kutu, rangi, mafuta na udongo. Chuma kichafu hakishikani vizuri.

Pili, washa moto. Kwaruza kijiti juu ya chuma kama unavyowasha kiberiti, kisha kiinue kidogo. Mwanzoni kijiti kitaganda. Kitingishe kitoke. Jaribu tena.

Tatu, shika umbali. Nafasi kati ya kijiti na chuma iwe sawa na unene wa kijiti. Ukiwa sawa, utasikia sauti kama ya maandazi yanayokaangwa.

Nne, chora mistari. Vuta kijiti polepole kwa mwendo mmoja. Ukienda mbio, mstari huwa mwembamba na dhaifu. Ukikawia, chuma hutoboka. Chora mistari mingi hadi ifanane.

Tano, unganisha vipande viwili. Kikipoa kabisa, kibane na kukigonga kwa nyundo kubwa mpaka kivunjike au kipinde. Kikiachana kirahisi pale kwenye kiungo, hujawa fundi bado. Tazama ndani. Kama kuna matundu au gamba jeusi, rudia.

Mimi nilimaliza zaidi ya paketi moja ya vijiti kwa vyuma chakavu kabla ya kugusa plau. Paketi hiyo haikupotea. Ilikuwa ada yangu ya shule.

Kwa mwanafunzi, vijiti vilivyoandikwa E6013 ni vyepesi kutumia. Kijiti cha milimita 2.5 hufanya kazi vizuri kati ya ampea 60 na 90. Cha milimita 3.2 huhitaji kama ampea 90 hadi 130. Ampea ni kipimo cha nguvu ya umeme unaopita. Weka vijiti ndani ya kopo lenye mfuniko, mahali pakavu. Ukungu wetu huvilowesha, na kijiti chenye unyevu huchoma vibaya.

Mashine ipi inunuliwe?

Ukishajua mkono, sasa nenda dukani. Lakini jiulize maswali matatu.

Swali la kwanza: Nitachomelea nini? Kwa plau, mikokoteni, milango na madirisha, mashine inayofika ampea 140 hadi 200 inatosha. Usilipie nguvu usiyoihitaji.

Swali la pili: Umeme wangu ukoje? Kuna mashine za aina mbili. Ya kwanza ni ya transfoma. Hii ni nzito, ina waya mwingi uliosukwa ndani. Ni ngumu kufa, na mafundi wengi wanaweza kuisuka upya. Lakini hula umeme mwingi, na taa za nyumba hufifia. Ya pili ni inveta. Hii ni ndogo, unaweza kuibeba kwa mkono mmoja. Hula umeme kidogo zaidi kwa kazi ileile, na moto wake ni rahisi kuushika. Lakini haipendi vumbi, maji wala umeme unaoruka-ruka. Ikiharibika, si kila fundi anaiweza.

Kwa mwanafunzi wa kijijini mwenye umeme wa kawaida wa nyumba, mimi nachagua inveta nzuri. Hata hivyo, usiichomeke kwenye soketi ya redio. Plagi ya kawaida ni ya ampea 13, na mashine huweza kuvuta zaidi ya hapo. Waya mwembamba hupata moto ndani ya ukuta, na nyumba huungua. Mwite fundi umeme mwenye leseni akuwekee soketi ya pekee yenye waya mnene, swichi yake na waya wa kwenda ardhini.

Swali la tatu: Ikiharibika, nani ataitengeneza? Uliza kabla ya kulipa. Dai risiti na garantii.

Soma pia kibao cha mashine. Utaona ampea, na pembeni yake asilimia. Kikiandikwa ampea 160 na asilimia 60, maana yake ni hii: katika kila dakika 10, ichomelee dakika 6 na ipumzike dakika 4. Mashine ni kama ng'ombe wa plau. Usipompumzisha, anaanguka. Kisha mwombe muuzaji aiwashe, nawe uchomelee kijiti kizima cha milimita 3.2 mbele yake. Ikizimika, iache hapo.

Swali la mama mmoja

Kikundi kimoja cha wakulima kiliuza mahindi yake, kikataka kununua mashine upesi. Nilialikwa mkutanoni. Mwenyekiti alitaka mashine kubwa kuliko zote. Mama mmoja akasimama, akasema, "Bwana Mwenyekiti, mashine tutainunua. Je, nani ataishika?"

Watu wakanyamaza. Hakuna hata mmoja aliyejua kuchomelea. Fedha zile zilikuwa jasho la kaya kumi na nane. Mashine ingelala stoo, au ingeunguza mtu macho.

Walijadiliana hadi jioni. Mwisho walikubaliana kutuma vijana wawili, wa kiume na wa kike, wajifunze miezi mitatu. Mashine ilinunuliwa baadaye, na ilikuwa ndogo kuliko ile ya Mwenyekiti. Fedha zilizobaki zilinunua kofia mbili, glovu, vijiti na kazi ya fundi umeme. Msimu uliofuata plau tano zilitengenezwa hapohapo kijijini. Binti yule ndiye anayeaminiwa zaidi, kwa sababu hana haraka.

Usichomelee vitu hivi

Usichomelee pipa lililokuwa na petroli au dizeli, hata kama limekauka. Mvuke uliobaki ndani hulipuka kama bomu. Usichomelee mtungi wa gesi. Usichomelee vyombo vya dawa za mimea, maana moshi wake ni sumu. Bomba na bati lenye zinki hutoa moshi mweupe unaoleta homa. Ondoa zinki kwanza, na ufanye kazi mahali penye hewa.

Usiguse breki wala usukani wa gari. Kazi hiyo ni ya mafundi wakubwa. Usichomelee mvua ikinyesha, wala ukiwa umesimama kwenye maji.

Njombe ni nchi ya mbao. Ondoa maranda, nyasi na magunia kabla ya kuwasha. Weka ndoo ya mchanga karibu, na ndoo ya maji kwa ajili ya nyasi na mbao. Usimwage maji kwenye mashine wala nyaya zenye umeme. Zima swichi kwanza. Ukimaliza kazi, subiri nusu saa kabla ya kuondoka, maana cheche hujificha.

Ndugu msomaji, mashine huuzwa dukani, lakini mkono hauuzwi. Tafuta fundi wiki hii. Mwulize siku yake ya nafasi. Ukienda, chukua kofia yako na vipande vya chuma chakavu. Novemba ikifika, jirani yako asibebe plau kwenda mjini.