Baiskeli ya Shingo Ndefu Mjini Los Angeles

Nilipofika kwa kaka yangu, kusini mwa Los Angeles, sikupelekwa kwanza baharini wala kwenye majumba ya waigizaji. Mpwa wangu wa miaka 15 alinishika mkono hadi gereji. "Shangazi, njoo uone."

Ilikuwa baiskeli ya chopa, imeegemezwa ukutani: kiti kirefu, usukani wa juu kama pembe za ng'ombe, na foki, ile miguu inayoshika gurudumu la mbele, imerefushwa mno.

Mtindo huo ni wa huko huko Marekani. Watoto wa California walikuwa wakibadilisha baiskeli zao wenyewe, na mwaka 1963 kampuni ya Schwinn ya Chicago ikaufuata kwa kutoa Sting-Ray, yenye magurudumu ya inchi 20. Mwaka 1968 ikaja Orange Krate, yenye foki ya springi kama ya pikipiki. Mwaka uliofuata ilitoka filamu ya Easy Rider. Pikipiki zake zilitengenezwa Los Angeles na mafundi weusi, Ben Hardy na Cliff Vaughs, ambao kwa miaka mingi hawakutajwa. Mpwa wangu anawajua kama watoto wengine wanavyojua wachezaji wa mpira.

Ndugu msomaji, kaka yangu aliondoka Tanga mwanawe akiwa na miaka mitatu. Walipoishi pamoja tena, mtoto alikuwa na miaka 13. Hawagombani, ila maneno yao ni machache.

Jioni ile kaka aliikagua foki. Kijana alikuwa ameiunga kwa vipande vya bomba, na kwenye kiungo palikuwa na ufa mwembamba kama unywele. "Hii haipandwi," akasema. Mtoto akaingia chumbani. Siku mbili hakula nasi.

Jumamosi kaka hakwenda kazini. Aliingia gereji na mabomba mapya mazima, akaanza kupima peke yake. Baada ya saa nzima mlango ukafunguka. "Baba, hapo umekosea kipimo."

Walifanya kazi hadi usiku. Nilijifunza kwamba foki ya springi ina jozi mbili za miguu. Ya nyuma imekazwa kwenye mhimili wa usukani unaozunguka ndani ya shingo ya fremu. Ya mbele hupanda na kushuka. Chini zimeunganishwa kwa vyuma vifupi vinavyobeba ekseli, na juu springi hupokea mshindo. Foki ikiwa ndefu, mzigo kwenye shingo huongezeka, ndiyo maana kiungo kibovu humwangusha mtu kifudifudi. Kuchomelea walimwachia fundi mwenye uzoefu, na breki ya nyuma wakaijaribu mara kadhaa.

Jumapili tulikwenda Venice, kwenye njia ya baiskeli iliyo kando ya bahari. Chopa ndefu huyumba ikienda polepole. Gurudumu la mbele hutaka kulalia upande. Kijana aliyumba kweli. Kaka yangu, mtu wa miaka 46, akashika kiti kwa nyuma na kukimbia naye mchangani.

"Baba, najua kuendesha! Bibi alinifundisha Tanga!"

"Najua," kaka akajibu akihema. "Mimi sikuwepo."

Hakuachia kiti, na mtoto hakumwambia tena aachie.