Govi Lisitupwe

Nilipoanza kazi ya tabibu, Ruangwa ilikuwa bado sehemu ya Nachingwea. Ruangwa ikawa wilaya kamili mwaka 1995. Baada ya mavuno ngoma za jando zilikuwa hazilali, na asubuhi tulikuwa tukiletewa watoto ambao damu yao haikatiki.

Mmoja wao aliletwa na ngariba mwenyewe. "Dokta, huyu Mungu alikwisha kumtahiri nusu, mimi nimemalizia tu." Kweli, watoto wa namna hiyo govi lao hufunika upande wa juu peke yake. Tundu la mkojo lilikuwa chini ya uume, mbali na ncha. Alikuwa akikojoa amechuchumaa, na wenzake kambini walikwisha kumpa jina la kike. (Mengine ya jandoni hayasemwi, nami siyasemi.) Kijijini walimsema mama: alivunja mwiko akiwa na mimba.

Kitabibu hali hiyo huitwa haipospadia. Huzaliwa nayo takriban mvulana mmoja katika kila 300, wengi kwa kiasi kidogo. Kilichoniuma ni lile govi. Kwa daktari wa upasuaji ndicho kitambaa cha kushonea mrija mpya wa mkojo. Likishatupwa, huenda akalazimika kuchuna ngozi ya ndani ya shavu, na kazi ya mara moja ikawa ya mara mbili au tatu.

Rufaa yenyewe ilikuwa Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, Mto Rufiji ulivukwa kwa pantoni, na masika yakichachamaa safari iliahirishwa. Wazazi wengi waliikunja ile karatasi ya rufaa wakarudi shamba kwenye korosho zao.

Siku hizi akina mama wengi hujifungulia kituoni, na mkunga humkagua mtoto kabla hajavishwa nguo. Tohara nyingi nazo zimehamia hospitali. Tangu 2024 madaktari bingwa wa kampeni ya Rais Samia wamekuwa wakipiga kambi hospitali za wilaya. Upasuaji wenyewe si muujiza: mshono huweza kuvuja pembeni, mtoto akarudishwa mezani. Umri mzuri ni kati ya miezi 6 na 18, muda mrefu kabla ya jando.

Jando halijafa, wala siliombei life. Nami nilipita humo. Ila nawaomba mangariba wa Nachingwea na Ruangwa: kabla ya kisu, mtazameni mtoto akikojoa. Mkojo ukitokea chini, mrudisheni kwa wazazi na govi lake, wampeleke hospitali kwanza.