Farasi na Mvua za Kwanza katika Bonde la Kafubu

Wasomaji wetu walio mbali, hasa wale wa pwani na wa nchi ya maziwa, hudhani kwamba Katanga ni mashimo ya shaba na moshi wa tanuru tu. Ni kweli kwamba mji wa Lubumbashi, ulioitwa Elisabethville tangu ulipoanzishwa mwaka 1910 hata mwaka 1966, ulizaliwa na shaba. Lakini mtu atokaye mjini mwishoni mwa Oktoba, akafuata njia za miguu kuelekea bonde la mto Kafubu, ataona jambo ambalo wenyeji wengi hawalitazami tena kwa sababu wamelizoea: pori linachipua majani mapya kabla tone moja la mvua halijaanguka.

Kiangazi chetu huanza Mei. Juni na Julai usiku huwa wa baridi, hata wapita njia huota moto kando ya barabara alfajiri, kwa maana mji huu umejengwa juu ya uwanda wenye kimo cha mita 1,200 na zaidi. Agosti na Septemba moto hupita katika nyasi. Oktoba ndio mwezi wa joto kuliko yote. Mchana hufika karibu digrii 33, visima vimeshuka, na vumbi jekundu limekaa juu ya kila kitu. Ndipo muputu na mutondo, miti mikubwa ya pori hili la miombo, huvaa upya. Majani yao ya kwanza si ya kijani. Ni mekundu kama shaba iliyosuguliwa, halafu huwa ya rangi ya asali, na mwisho kabisa ndiyo kijani. Mizizi imeshuka chini sana ikatafuta maji yaliyobaki. Watu wa Ulaya wana majira yao ya machipuo baada ya theluji. Sisi tunayo yetu kabla ya mvua, na kwa macho yangu ya kwetu yanapendeza zaidi, ingawa hayana usalama wowote.

Hayana usalama kwa sababu ya mbingu. Muda wote wa kiangazi pepo kavu za kusini-mashariki hutawala, na mtu aweza kuanika mahindi juani wiki nzima bila kuangalia juu. Mnamo Oktoba na Novemba pepo zenye unyevu kutoka upande wa msitu mkubwa wa Kongo huanza kusukumana nazo. Siku moja hushinda hizi, siku ya pili hushinda zile. Asubuhi mbingu ni safi. Saa nane mchana wingu jeusi limesimama. Saa tisa mvua ya mawe inapiga mabati ya kata moja, na kata ya pili watu wanafagia vumbi. Mvua ya mwaka mzima ni karibu milimita 1,200, nayo karibu yote huanguka kati ya Novemba na Aprili, lakini hakuna ajuaye kwa hakika ile ya kwanza itaanguka siku gani. Mkulima akiwahi kupanda, mbegu hufa kwa jua. Akichelewa, magugu humtangulia.

Katika majira hayohayo ndipo wapanda farasi wa Lubumbashi hupenda kutoka. Msomaji ataniuliza: je, Katanga kuna farasi? Wapo, ingawa si wengi. Watoto wa mitaa ya pembeni hukimbia nyuma yao wakipiga kelele, kana kwamba tembo amepita. Farasi wa kweli wa nchi hii ni baiskeli. Hiyo ndiyo ibebayo magunia ya makala kutoka porini, na unga wa bukari, na mgonjwa, na bibi arusi. Basi farasi ni mgeni, na ugeni wake una sababu.

Kabla ya reli kufika mwaka 1910, kila kitu kilichoingia au kutoka Katanga kilipita juu ya kichwa na bega la mtu. Misafara ya Msiri, mfalme wa Bayeke aliyetawala Bunkeya hata alipouawa Desemba 1891, ilipeleka shaba na pembe za ndovu hata pwani ya mashariki na ya magharibi, na pamoja na vitu hivyo, kwa aibu ya wanadamu, watumwa. Kwa nini hawakutumia wanyama? Kwa sababu ya mdudu mmoja, mbung'o. Machi 1866 Dk. Livingstone alishuka Mikindani akiwa na ngamia, nyati wa kufugwa kutoka Uhindi, baghala na punda, akitaka kujaribu kama wangeweza kuustahimili uchungu wa mbung'o. Walikufa njiani mmoja baada ya mwingine, wengine kwa maradhi, wengine kwa kutendewa vibaya na walinzi wao. Alipoliona ziwa Mweru mnamo Novemba 1867, alikuwa anakwenda kwa miguu kama watu wote. Miaka karibu 30 baadaye, katika nchi ya Wazulu, daktari David Bruce alionyesha kwamba mbung'o huingiza katika damu kijidudu kiletacho ugonjwa wa nagana. Na farasi ni dhaifu mno mbele ya ugonjwa huo.

Hapa kuna jambo la kutia huzuni. Kadiri pori la kuzunguka mji lilivyokatwa kwa ajili ya makala na mashamba, na wanyama wa mwitu walivyotoweka, mbung'o naye amekosa kivuli na chakula. Shoka lile lile linalotunyima muputu ndilo lililompa farasi nafasi ya kuishi. Sijui nimshukuru nani.

Ila mbung'o akiondoka, usubi hubaki. Huyo ni mdudu mdogo kuliko punje ya mtama, huzaliana katika matope, na huleta ugonjwa unaoitwa ugonjwa wa farasi wa Afrika. Mwaka 1854 na 1855 ugonjwa huo uliua farasi karibu 70,000 katika nchi ya Rasi, Afrika Kusini. Pundamilia hubeba ugonjwa huo bila kuugua. Farasi aliyepatwa na aina kali huweza kufa kwa siku chache, akipumua kwa shida, povu likimtoka puani. Dawa ya kuuponya haipo. Ipo chanjo, lakini virusi vyenyewe ni vya aina 9, wala chanjo haimkingi kila farasi kwa kila aina. Kwa hiyo watunzaji hushika sheria moja: usubi huuma hasa tangu jua linapokaribia kuzama hata baada ya kuchomoza, basi farasi awe ndani ya zizi saa hizo.

Tazameni sasa jinsi mpanda farasi anavyobanwa. Asubuhi mapema, wakati wa ubaridi mzuri, asitoke kwa sababu ya usubi. Alasiri asichelewe kwa sababu ya usubi. Na kati ya hapo, mchana, ndipo radi hujengwa. Safari nzima ya majira ya machipuo ni lazima ipite katika mlango huo mwembamba.

Novemba moja nilifuatana na msafara wa namna hiyo, farasi watatu, mimi nikiwa nyuma juu ya baiskeli yangu. Saisi, yaani mtunza farasi, alikuwa mzee mwenye maneno machache, na wote tulimwita Baba. Alikagua kwato, akakaza tandiko, akatia kidole chini ya hatamu kuona kama haikwaruzi, kisha akaenda kusimama peke yake nyuma ya zizi akitazama kaskazini. Saa moja na nusu tuliondoka.

Njia hupita kwanza katika matanuru ya matofali. Watu huchimba vichuguu vikubwa vya mchwa, vingine vyenye kimo cha nyumba, kwa kuwa udongo wake hushikamana vizuri. Farasi huogopa moshi wa matanuru hayo. Wakaenda matiti, wakitega masikio. Baada ya hapo huja mashamba, halafu visiki, visiki vingi mno, na katikati yake machipukizi mekundu yanayotoka katika mashina yaliyokatwa. Mti wa miombo haufi upesi. Ukiachwa bila moto, hurudi. Tulihitaji mwendo wa saa mbili hivi kufika kwenye miti mizima. Huko nuru ilikuwa nyekundu chini ya majani, na akina mama walikuwa wakiokota masuku yaliyoanza kuiva. Walitucheka kwa upole: farasi watatu na mwalimu juu ya baiskeli.

Karibu saa tano Baba alisimamisha farasi wake. Upande wa kaskazini wingu lilikuwa limeota, jeupe juu, jeusi chini.

“Bwana, turudi,” alimwambia mgeni aliyekuwa mbele.

“Baba, mto si mbali. Nimetoka mjini kwa ajili ya kuuona huo mto.”

“Mto utakuwapo Jumamosi ijayo, Bwana. Wingu lile limekwisha kuota shina.”

Mgeni hakufurahi. Tulirudi tukiwa tumeharakishwa, nasi tulipofika zizini hakuna tone lililoanguka. Wingu lilikwenda zake upande wa Kipushi. Mgeni alisema maneno mawili matatu ambayo sitayaandika. Baba alimwondolea farasi tandiko, akampangusa jasho, wala hakujitetea.

Jumamosi ya pili iliangukia karibu na sikukuu ya Mtakatifu Martino, 11 Novemba, yule askari aliyekata vazi lake kwa upanga akamgawia maskini. (Wachoraji humweka juu ya farasi daima. Lakini msimamizi hasa wa farasi ni Mtakatifu Eligio, askofu na mfua dhahabu, ambaye sikukuu yake ni 1 Desemba. Naye ni msimamizi wa wafua vyuma pia, hata nashangaa kwamba katika mji wa shaba kama huu watu wachache tu humkumbuka.) Mbingu ilikuwa safi pande zote. Tulifika Kafubu, tukauona mto ambao hupokea maji ya mto Lubumbashi na kuyapeleka Luapula. Farasi walikunywa, tukala mihogo na karanga kivulini. Upande huo ndiko iliko misheni ya Kafubu ya mapadre Wasalesiani, waliofika Elisabethville mwaka 1911. Saa saba tuligeuka. Hata Baba alikuwa anaimba kidogo.

Mvua ilitujia kwa nyuma, nasi tulikuwa bado mahali pa visiki. Kwanza upepo wa baridi, kisha harufu ya udongo, kisha umeme. Baba alihesabu kwa sauti kutoka umeme hata ngurumo: kumi na mbili. Sauti huenda kilomita moja kwa sekunde tatu hivi. Basi radi ilikuwa umbali wa kilomita nne. Ya pili alihesabu sita. Aliamuru wote washuke. Hakutupeleka chini ya mti mkubwa uliobaki peke yake, ingawa sisi sote tulikuwa tumekwisha kuutazama. Alitushusha katika bonde dogo lenye vichaka vifupi, akatutenganisha, kila mmoja na farasi wake mbali na mwenziwe, nami nikaambiwa niilaze baiskeli na kuiacha. Mvua ya mawe ilitupiga kwa dakika zisizopungua ishirini. Farasi waligeuza migongo yao kwenye upepo na kuinamisha vichwa. Jike mwekundu alitetemeka mwili mzima, naye Baba alisimama ameweka kiganja shingoni pake akisema naye kwa Kibemba.

Hakuna aliyeumia. Lakini kijito tulichokivuka asubuhi bila kulowesha magoti sasa kilikuwa maji mekundu yanayokokota matawi. Mgeni, safari hii, hakusema neno. Alimtazama Baba tu. Tulingoja. Saa kumi na moja ikapita. Jua likazama saa kumi na mbili, na maji hayakuwa yamepungua vya kutosha. Kumbikumbi walitoka ardhini kwa maelfu, na watoto kutoka vibanda vya karibu walikuja na taa na ndoo kuwakusanya, wakiimba. Ilikuwa furaha kubwa kwao, mvua ya kwanza! Sisi tulikuwa tunasikiliza usubi masikioni mwa farasi. Baba aliokota majani mabichi, akawasha moto wa moshi mwingi upande wa upepo, akawapepea kwa kofia yake.

Tulivuka karibu saa moja na nusu usiku, tukafika zizini gizani.

Tangu siku ile Baba alipima joto la farasi wote watatu kila asubuhi na kila jioni, akaliandika katika daftari la shule kwa kalamu ya risasi. Homa hutangulia dalili zote, na baada ya kuumwa huweza kupita wiki moja, hata mbili, kabla haijaonekana. Joto la farasi mzima ni karibu digrii 38. Niliacha baiskeli yangu zizini mara kadhaa nikitoka shuleni, nikasoma daftari. Siku ya tisa jioni jike mwekundu alikuwa na 38.9; Baba alilala zizini usiku ule, juu ya magunia. Asubuhi yake 38.4. Siku ya kumi na moja, 38. Mvua zilikuwa zimekwisha kushika kweli, na watu walikuwa wakipanda mahindi. Siku ya kumi na nne aliandika 37.8, akapiga mstari chini yake, akamtoa jike nje kwenye jua.